Maji, kikapu, vitabu au kikundi cha akina mama: kipi kinamfaa mama mwenye kichanga na mkubwa wa miaka 3?

Mama_Wawili
Habari zenu wapendwa. Mwanangu mdogo ana miezi 7, ndiyo kwanza anakaa bila kuegemezwa. Kaka yake ana miaka 3 na hatulii. Nashinda nao peke yangu. Sitafuti mbinu za kumfanya mtu awe profesa, natafuta mambo ambayo na mimi nitayafurahia, kwa sababu michezo mingi ninayoshauriwa inamchangamsha mtoto dakika chache, halafu mimi ndiye nabaki na deki. Nafikiria mambo manne: kucheza na maji, kikapu cha vitu vya nyumbani, vitabu na nyimbo, au kujiunga na kikundi cha akina mama cha kulipia. Mngeanza na lipi? Tafadhali msinijibu kwamba yote ni mazuri.

Ummu_Pacha
Maji, bila kusita. Mkubwa mpe beseni, vikombe vya plastiki, chujio na sponji. Atajaza, atamwaga, ataanza upya, wala hatakuita. Mdogo mpakate, apigepige maji kwa viganja. Kuhusu deki: fanyia bafuni saa ya kuoga, mchezo na kuogesha vinaisha pamoja.

Ila ubaya wake nao niuseme. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu, na mara nyingi anazama kimya, hapigi kelele ukasikia. Kwa hiyo hapo hakuna simu, hakuna kwenda kufungua mlango. Ukiitwa, unawanyanyua wote wawili unaondoka nao. Mkimaliza, mwaga maji papo hapo.

Mwalimu_Chekechea
Mama Wawili, mimi nimefundisha watoto wadogo kwa muda mrefu na nakwambia anza na kikapu, kwa sababu umri wa huyo mdogo ndio wenyewe. Mchezo huu ulienezwa na Elinor Goldschmied, mwalimu wa malezi wa Uingereza, na aliulenga mtoto anayekaa lakini bado hajaanza kutambaa. Dirisha hilo ni fupi. Akishaanza kuzunguka nyumba, kikapu hakitamtosha.

Unachukua kikapu kifupi kisichopinduka, unatia vitu vya kweli: kijiko cha chuma, mwiko wa mbao, brashi, kipande cha ngozi, kitambaa cha sufu, mfuniko wa sufuria. Plastiki iache, yote ina ladha moja na uzito mmoja. Mtoto anataka kujua chuma kina baridi kiasi gani ulimini na mbao inalia vipi ikigongwa sakafuni. Kisha wewe unakaa karibu na kunyamaza. Humwelekezi, humpongezi, humwoneshi "hiki kinafanya hivi". Wazazi wengi hapo ndipo wanaposhindwa! Lakini ukiweza, utapata kupumzika huku macho yako yakiwa kwa mtoto, na kumtazama anavyochagua ni burudani yenyewe.

Kipimo cha usalama: chukua lile bomba la karatasi la ndani ya karatasi ya chooni. Kitu kinachopita humo ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3.

Mama_Wawili
Asante sana mwalimu. Na kaka mtu? Nikiweka kikapu, atakinyakua chote.

Mwalimu_Chekechea
Mfanye mkuu wa kikapu. Kazi yake ni kuzunguka nyumbani kutafuta kitu kipya cha kumletea mdogo wake, akipitishe kwenye kipimo cha bomba, ndipo kiingie. Watoto wa miaka 3 wanapenda sana sheria wanazozisimamia wao.

Baba_Zai
Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya akina mama. Nataka kusema juu ya vikundi vya kulipia, maana naona vinauzwa kama vile mtoto asipokwenda atachelewa. Mtafiti Mildred Parten alieleza tangu mwaka 1932 jinsi watoto wadogo wanavyocheza ubavu kwa ubavu, kila mmoja na lake, kabla ya kufika kwenye kucheza kwa kushirikiana. Mdogo wako wa miezi 7 hatapata rafiki pale. Hata yale madarasa ya kuogelea ya vichanga, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinasema mafunzo ya kuogelea yanaweza kuanza kuanzia mwaka 1. Chini ya hapo hakuna ushahidi kwamba yanapunguza hatari ya kuzama. Ni raha ya majini, basi. Mimi ningebaki nyumbani na pesa zangu.

NuruYaAsubuhi
Baba Zai, umepima kikundi kwa faida ya mtoto tu. Dada ameuliza kitu atakachofurahia *yeye*. Anashinda na watu wawili ambao mmoja hazungumzi na mwingine hanyamazi. Kukaa na watu wazima wanaoelewa kwa nini umevaa blauzi kinyume ni jambo kubwa kuliko darasa lolote.

Ila nakubaliana nawe kuhusu kulipa. Akina mama wawili au watatu wakikubaliana kukutana kwa zamu, kila mara kwa mmoja wao, watoto wakatupwa mkekani katikati, hicho ndicho kikundi. Ubaya wake ni kwamba mwenye nyumba anaweza kuanza kupika na kusafisha kana kwamba kuna harusi. Wekeni sharti mapema: hakuna kuandaliana. Na dada, kama huzuni au kukosa hamu na kila kitu kumezidi wiki mbili, usisubiri kikundi, muone mhudumu wa afya.

Sauti_ya_Kukwaruza
Vitabu na nyimbo mmeviruka, na ndivyo vinavyofanyika hata ukiwa umechoka. Kwenye utafiti wa DeCasper na Fifer wa mwaka 1980, vichanga wa siku chache tu walibadilisha namna ya kunyonya chuchu ya bandia ili wasikie sauti ya mama zao badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Yaani hadhira yako ilishakuchagua zamani. Imba vibaya upendavyo.

Kitabu kwa mtoto wa miezi 7 ni kitu cha kutafuna, kwa hiyo tafuta chenye kurasa ngumu na usilazimishe kufika mwisho. Mkubwa ndiye wa kusimuliwa. Simama katikati, muulize unadhani nini kitatokea. Siku nyingine mwache amsomee mdogo kwa kuangalia picha. Uongo atakaoutunga utakuchekesha kuliko hadithi yenyewe. Mimi kitabu kilekile kila usiku kinanichosha, lakini wao marudio ndiyo raha yao, kwa hiyo navumilia kwa kubadilisha sauti za wahusika.

Kingine cha bure: jifunike uso kwa kitambaa, jifunue. Jean Piaget aliweka karibu na miezi 8 kuwa ndipo mtoto anaanza kukitafuta kitu kilichofichwa mbele yake. Wa kwako yuko palepale, na kaka yake atakuwa mwigizaji bora kukushinda.

Ummu_Pacha
Hapo kwenye kujifunika umenikumbusha, pacha wangu walikuwa wanacheka mpaka kwikwi.

Mama_Wawili
Nimecheka hiyo ya blauzi kinyume, mmeniona wapi? Swali: kuna siku nimechoka kabisa, nawawashia katuni. Hilo nalo tunaliweka kundi gani?

Baba_Zai
Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2019 linasema mtoto chini ya mwaka 1 asiwekewe skrini kabisa, na wa miaka 3 isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ni bora. Mwongozo huohuo unataka wa miaka 3 awe anashughulisha mwili angalau dakika 180 kwa siku nzima, na 60 kati ya hizo ziwe za kutoka jasho. Kwa hiyo, kama alivyo mtundu, mtoto wako hana kasoro, anatimiza mwongozo.

Kichanga ambaye hajaanza kutambaa naye anatakiwa alale kifudifudi akiwa macho, jumla ya dakika 30 au zaidi kwa siku, kwa vipande vipande. Hii ndiyo ninayoipenda mimi. Unajilaza sakafuni uso kwa uso naye, mkubwa anapita juu yenu kama daraja, na mtu hawezi kukuuliza kwa nini umelala mchana.

NuruYaAsubuhi
Ndiyo maana kwenye orodha yako nakosa jambo la tano: kutoka nje. Mdogo kwenye mbeleko, mkubwa na mfuko wa kuokotea majani na vijiti. Hamna pa kufika. Kama unataka kutembea kwa mwendo wako utakasirika, ila ukikubali kusimama kwenye kila mchwa, ni matembezi mazuri. Nenda jua likiwa limepoa.

Mama_Wawili
Basi nimepanga hivi. Kikapu naanza kesho asubuhi, maana mwalimu amenitisha na hilo dirisha fupi. Nje jioni. Maji nayaacha kwa siku baba yao yupo, mikono minne ni bora kuliko miwili. Vitabu tayari tunavyo. Kikundi nitawauliza majirani wawili kwanza. Mwalimu, rimoti ya zamani ya runinga inaruhusiwa kikapuni? Anaililia kila siku.

Mwalimu_Chekechea
Hapana, hata ikiwa imekufa. Nyingine zina betri bapa kama kitufe, na mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa 2. Ikitokea, ni hospitali mara moja, hakuna kusubiri dalili. Mtafutie kijiko kikubwa cha chuma, kinang'aa kuliko rimoti.