Kovu limepona, maumivu hayaishi. Msaada wenu wakuu

Mama_Pacha
Wakuu, nilijifungua kwa upasuaji miezi minane iliyopita. Mshono umekauka vizuri, ila mwisho wake wa kulia kuna mahali padogo, kama ncha ya kidole, panawaka moto. Nikikohoa au nikijigeuza kitandani panachoma hadi kinenani. Hata nguo ikigusa nashtuka. Altrasaundi mara mbili, mkojo, vyote safi. Dawa za vidonda vya tumbo nimemeza, antibayotiki nimemeza, wapi! Sasa naambiwa ni mawazo.

Kobe Mpole
Pole dada. Kanda na maji ya moto, itaisha.

Zamu_ya_Usiku
Kobe, taratibu. Mshipa wa fahamu ukiumia ngozi huweza kufa ganzi, ataungua bila kujua.

Mama Pacha, lala chali, bonyeza hapo panapouma, kisha inua kichwa na mabega bila kujisaidia kwa mikono. Maumivu yakizidi au yakibaki vilevile, chanzo huenda ni ukuta wa tumbo. Yakipungua, kuna uwezekano yanatoka ndani. Kipimo hiki cha daktari Carnett ni cha tangu 1926, hakina gharama, na bado wengi hawakifanyi. Kwenye ncha za mshono kama wako hupita neva, yaani mishipa ya fahamu, mbili: iliohipogastriki na ilioinguinali. Zinaweza kukatwa, kushonewa au kubanwa na kovu. Altrasaundi ya kawaida haitaonyesha hilo.

Fundi Mstaafu
Mimi ilikuwa baada ya upasuaji wa ngiri. Panado hazikufua dafu. Nilichomwa sindano ya ganzi palepale penye maumivu, dakika chache tu kimya! Daktari akasema hiyo ni tiba na ushahidi kwa pamoja. Yalirudi, nikachomwa tena mara mbili, pamoja na amitriptilini kidogo usiku, dawa ya kutuliza maumivu ya neva. Inakausha mdomo na kuleta usingizi, na ilichukua wiki kadhaa kufanya kazi. Wengine hupewa gabapentini. Hiyo usiiache ghafla. Kukata neva ni hatua ya mwisho.

Mama_Pacha
Nimejaribu sasa hivi sakafuni. Kuinua kichwa tu, nimepiga kelele mpaka watoto wakaamka. Mawazo gani hayo yanayokaa upande mmoja wa mshono? Ila bado nanyonyesha.

Zamu_ya_Usiku
Mwambie daktari hilo kabla hajaandika dawa yoyote. Na ukiona uvimbe kwenye kovu, homa, kutapika au tumbo kujaa bila kutoa hewa, usisubiri miadi.

Fundi Mstaafu
Siku ya kwenda, papige alama ya kalamu hapo panapouma. Ukifika kitandani kwa daktari utababaika pa kuonyesha, mimi yalinikuta.