Leseni ya kuvua trauti tunalipia, mtoni tunafukuzwa. Hii pesa ni ya nini?

Nimechoka, na najua siko peke yangu. Sisi wa upande wa Nyeri, chini ya Mlima Kenya, tunaovua trauti kwa mshipi, tunachezewa. Unakata leseni, unalipa, unapewa karatasi yenye muhuri, halafu ukifika mtoni unaambiwa rudi ulikotoka.

Jumamosi iliyopita nilifika kwenye geti la msitu alfajiri, niko na mpwa wangu aliyefunga shule. Leseni yangu haijaisha. Askari akaishika, akaigeuza mbele na nyuma, akasema, "Hii ni ya samaki. Hapa ni msitu." Sawa. Ada ya kuingia msituni ipo, naijua, na nimekuwa nikiilipa bila kelele. Nikamwambia anitajie kiasi. Akanitajia, kisha akanipa namba ya kutumia M-Pesa. Si paybill, yaani namba ya malipo ya taasisi, ni namba ya mtu, na jina lililotokea kwenye simu kabla sijathibitisha ni la mtu binafsi. Tangu 2023 tunaambiwa malipo ya serikali yapite eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, paybill 222222. Kwa hiyo nikauliza risiti itatoka wapi. Akaniambia, "Mzee, unataka kuvua au unataka risiti?"

Nataka vyote viwili! Ni haki yangu. Tukarudishwa, na nyuma yetu gari lenye wageni likafunguliwa bila swali.

Nikaenda ofisi iliyonikatia leseni. Jibu: "Sisi ni wa leseni tu, mambo ya geti si yetu." Basi mnaniuzia ruhusa ya kufanya nini, kama hamwezi kunihakikishia hata njia moja ya kufika majini? Msitu una mwenyewe, hifadhi ya taifa kule juu ina mwenyewe, samaki wana mwenyewe, na kila mmoja ana ada yake. Hakuna bango hata moja getini linaloonyesha ada ni ngapi na inalipwa wapi. Mtu anayechuma chai ya watu akilipa hizo zote, kibarua cha siku kadhaa kimekwisha kabla hajatia ndoana majini.

Ng'ambo ya pili ndiko kubaya zaidi. Mwenye hoteli ameshusha ua wa waya mpaka ndani ya maji, na ubao umeandikwa kuvua ni kwa wageni wa hoteli pekee. Sielewani na wanaosema tuvunje ua. Shamba la mtu ni shamba la mtu, na mimi pia nina shamba nisilotaka likanyagwe. Lakini mto si wake. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, imeweka mito na maziwa katika ardhi ya umma. Aliyemruhusu kuugawa mto kwa waya ni nani? Na kama hakuna aliyemruhusu, mbona waya bado uko pale?

Hawa samaki wana historia, na ndiyo inayoniuma. Trauti si wa huku. Mayai yaliletwa kutoka Scotland na mlowezi Ewart Grogan mwaka 1905, wakapandwa Mto Gura kule Aberdare, ili walowezi wavue kama walivyozoea kwao. Zama hizo babu zetu wakionekana na trauti walihesabiwa wezi. Tulidhani hayo yalikwisha 1963. Leo vifaranga vinatotoleshwa Kiganjo, kituo cha serikali, kwa kodi yetu, na bado mwenyeji ndiye anayetazamwa kama mwizi kwenye mto uliopita nyuma ya nyumba yao.

Na wezi wa kweli wanajulikana wanakopita. Pita kando ya mto asubuhi baada ya usiku usio na mwezi. Utakuta chandarua kimefungwa kwenye mizizi, maji tu ndiyo yanayopita katikati yake. Utakuta vifaranga urefu wa kidole vimelala tumbo juu kati ya mawe, kwa sababu mtu amemwaga dawa ya mifugo juu huko. Trauti anataka maji baridi, yenye hewa, na changarawe safi ya kutagia. Ukimwaga sumu mara moja, hapo pamekufa kwa muda mrefu. Hawa hawapiti getini wala hawaulizwi leseni. Sisi wa mshipi ndio tulikuwa tunawaona, tunapiga simu, tunang'oa nyavu. Tukifungiwa nje, nani atabaki kuulinda?

Ninachotaka si kingi. Ada zote ziandikwe kwenye bango getini, zilipwe mahali pamoja, risiti itoke papo hapo. Kila mto unaouziwa leseni uwe na njia ya miguu iliyotangazwa, inayojulikana na askari. Na kaunti, ambayo Katiba imeikabidhi kazi ya uvuvi, ituambie wazi pesa za leseni za trauti zinarudi mtoni kwa njia gani: vifaranga, doria, au nini?

Jumatatu napeleka barua rasmi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wana siku 21 za kujibu. Zikiisha kimya, nakwenda kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Wenzangu wa Kirinyaga, Meru, Nanyuki na Murang'a, kama mmeombwa pesa kwa namba ya mtu, wekeni picha ya ujumbe wa M-Pesa hapa chini. Fichani majina na namba za simu, lakini acheni tarehe na kiasi vionekane. Nitaziambatisha zote.