Upasuaji wa kujifungua: kula na kuamka kitandani

Habari wadau. Mke wangu amepangiwa upasuaji. Aache kula lini, na ataamka kitandani lini?

– Chakula aache zikiwa zimebaki saa 6 kabla ya upasuaji. Maji matupu ruksa hadi zibaki saa 2, daktari asiposema vingine. Akitapika tumbo likiwa limejaa, chakula huweza kuingia mapafuni.

– Ganzi ya mgongo ikiisha na miguu ikipata nguvu, asimame siku hiyohiyo, ashikwe. Kulala tu huchangia damu kuganda miguuni. Ageuke ubavu kwanza, ajisukume kwa mkono. Akikohoa, akandamize mto juu ya kidonda. Na tafadhali, dawa za maumivu anywe kwa wakati, asisubiri yazidi.

– Pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa 1, homa ya 38, usaha, au mguu mmoja kuvimba: hospitali, hata usiku wa manane.