Kijiji cha Törbel, Uswisi: kimelindaje malisho ya pamoja kwa zaidi ya miaka 500?

Mjumbe wa Kamati, Bahi

Wanajukwaa, salaam. Kijiji chetu kinaandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi, na katika kamati yetu hakuna hoja inayotuchukulia muda kama ya malisho: nani aingize ng'ombe, wangapi, na lini. Mtaalamu mmoja aliyetutembelea alitutajia kijiji cha Törbel, huko Uswisi, akasema kwamba wanakijiji wake waliandikiana kanuni za kutumia malisho ya pamoja tangu karne ya 15 na kwamba malisho hayo bado yapo. Ninachokijua zaidi ya hapo ni kwamba mfano huo ulitumiwa na Elinor Ostrom, mwanasayansi wa siasa wa Marekani aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi, mwaka 2009, alipopinga dhana kwamba mali ya wote lazima iishie kuharibiwa na wote.

Naomba anayefahamu anieleze kijiji chenyewe kikoje, yaani ardhi yake, mvua yake na watu wake, na kanuni hizo zilianzaje. Sipendi kupeleka mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji mfano wa nchi yenye maji kila upande, kwa sababu wazee wataukataa mapema, na watakuwa na haki ya kuukataa.

Mwalimu wa Jiografia, Kongwa

Ndugu Mjumbe, nianze na mvua, maana hapo ndipo wengi wetu tunapoidhania Uswisi yote kuwa kitu kimoja. Törbel iko katika jimbo la Valais, kusini-magharibi mwa nchi, juu ya bonde la mto Vispa, na bonde hilo ni miongoni mwa maeneo makavu kuliko yote nchini humo. Mawingu yanayotoka kaskazini huzuiwa na milima ya Bern, na yale ya kusini huzuiwa na safu inayopakana na Italia, kwa hiyo yanapofika bondeni yamekwisha kumwaga maji yake mengi. Huko Stalden, chini ya mteremko wa Törbel, mvua na theluji ya mwaka mzima haifikii milimita 600, kiasi ambacho mkulima yeyote wa Dodoma anakifahamu vizuri. Tofauti kubwa ni majira. Yetu hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili kisha ikatuacha, ilhali yao husambaa katika mwaka, na sehemu yake hukaa milimani kama theluji, ikayeyuka wakati wa joto mazao yanapohitaji maji.

Wazee wa Törbel walijenga maisha yao juu ya kuyeyuka huko. Walichonga mifereji kutoka kwenye vijito vya juu, wakaipitisha kwenye miteremko mikali hadi kwenye mashamba na majani yao, na kila mwenye haki alipewa zamu yake ya maji kwa saa zinazojulikana. Mifereji ya namna hii imeenea Valais nzima, na katika maeneo mengi ya jimbo hilo haki ya maji ilichongwa kwa alama kwenye vipande vya mbao, ili hata asiyejua kusoma aweze kuonyesha haki yake na isibishaniwe. Mwaka 2023 UNESCO iliuingiza umwagiliaji wa jadi wa Uswisi, pamoja na wa nchi nyingine kadhaa za Ulaya, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Jambo la pili ni mteremko. Mji wa Visp, mahali mto Vispa unapokutana na Rhône, uko kwenye mita 650 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyumba za Törbel ziko karibu na mita 1,500. Ukizidi kupanda unafika Moosalp, kwenye mita 2,048, na juu kabisa kuna kilele cha Augstbordhorn chenye mita 2,973. Jamii moja ilihitaji kila ngazi ya mteremko huo: mizabibu chini karibu na mto, nafaka ya rai na bustani kuzunguka nyumba, majani ya kukatwa na kukaushwa pembeni yake, msitu juu zaidi, na mwisho malisho ya kiangazi ambako theluji huondoka kwa miezi michache tu. Familia ilipanda na kushuka mlima huo mwaka mzima kufuata kazi. Ghala zao za nafaka, za magogo, zilisimama juu ya nguzo fupi, na kati ya nguzo na ghala liliwekwa bamba pana la jiwe la duara ili panya asipite.

Sasa kanuni. Hati za ardhi za Törbel zinajulikana tangu mwaka 1224. Tarehe 1 Februari 1483 wakazi walitia saini hati ya kuunda chama cha kusimamia malisho ya mlimani, msitu na ardhi isiyolimika. Mipaka ya ardhi hiyo ya pamoja ilikamilishwa kuandikwa mwaka 1507. Kisha mwaka 1517 ikawekwa kanuni ambayo kwa maoni yangu ndiyo moyo wa habari yote: hakuna mwananchi aliyeruhusiwa kupeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko wale anaoweza kuwalisha wakati wa baridi.

Tuitazame kanuni hiyo kwa makini. Malisho ya mlimani yalikuwa ya wote, lakini mashamba, mizabibu na viwanja vya majani ya kukausha vilikuwa mali ya familia moja moja. Baridi ilipoingia, ng'ombe alikaa zizini kwa miezi mingi akila majani makavu yaliyotoka kwenye kiwanja cha mwenyewe. Kwa hiyo kiwanja cha mtu binafsi ndicho kilichoamua sehemu yake katika mali ya wote, na mtu mwenye fedha hakuweza kununua kundi kubwa mwanzo wa kiangazi, akalinenepesha kwenye nyasi za wenzake, na kuliuza kabla ya theluji. Ng'ombe walihesabiwa kabla ya kuanza kula, na aliyezidisha alitozwa faini kubwa. Afisa aliyechaguliwa kusimamia jambo hilo alikuwa na haki ya kubaki na nusu ya faini, jambo lililompa sababu ya kutofumba macho hata kwa jirani yake.

Mkulima wa Mizabibu, Hombolo

Ahsante sana, Mwalimu. Sikujua kwamba huko nako zabibu zinalimwa kwenye ukame wa kiasi chetu. Ninaomba kufahamu jambo moja: je, kazi za pamoja, kama kusafisha mifereji na kutengeneza njia, waligawana vipi? Katika skimu za umwagiliaji tunagombana zaidi kuhusu nani ameacha kufika kwenye kazi ya mfereji kuliko kuhusu maji yenyewe.

Mwalimu wa Jiografia, Kongwa

Kwa upande wa malisho, mchango ulifuata idadi ya ng'ombe. Aliyepeleka wengi alitoa siku nyingi za kazi au ada kubwa zaidi kwa ajili ya kutandaza samadi, kutengeneza njia na kujenga upya mazizi yaliyobomolewa na maporomoko ya theluji. Jibini lililotengenezwa mlimani na watu walioajiriwa na chama liligawanywa kulingana na ng'ombe wa kila mmoja.

Msitu ulikuwa na utaratibu wake, nao ninaupenda kwa sababu haukuacha nafasi ya kunung'unika. Miti ya kukatwa iliwekwa alama na wasimamizi mara moja kwa mwaka. Kaya zenye haki ziliunda vikundi, zikakata na kuvuta magogo kwa pamoja, kisha zikapanga kuni katika mafungu yanayolingana kadiri ilivyowezekana. Baada ya hapo ndipo kura ilipopigwa kujua fungu lipi ni la nani. Mtu anayepanga mafungu bila kujua lake ni lipi hana sababu ya kupunja lolote. Nje ya siku hizo hakuna aliyeruhusiwa kukata.

Afisa Mifugo Mstaafu, Kondoa

Nimesoma maelezo ya Mwalimu kwa makini na ninayaheshimu, lakini Ndugu Mjumbe asiyapeleke Bahi bila kuyapima kwa ardhi yetu, hasa kanuni hiyo ya mwaka 1517.

Baridi ya Törbel ni kipimo kisichobadilika. Kila mwaka itakuja, muda wake unajulikana, na majani yaliyokaushwa yanaonekana kwa macho ghalani, hivyo kila mtu anaweza kuhesabu ng'ombe wake kwa kuangalia dari ya zizi la jirani. Kwetu mvua inaweza kunyesha vizuri kijiji kimoja ikaruka cha pili, na mwaka unaofuata ikafanya kinyume chake. Mfugaji wa Kigogo au wa Kimang'ati anayehamisha mifugo hafanyi hivyo kwa kupenda uzururaji. Anafuata nyasi zilipoota. Ukimwekea idadi moja ya ng'ombe kwa miaka yote, idadi hiyo itakuwa kubwa mno katika mwaka wa njaa na ndogo mno katika mwaka wa neema. Tena ukifunga mipaka ya kijiji kama Törbel walivyofunga yao, jirani yako atafunga yake katika mwaka ambao wewe ndiye unayehitaji kupita.

Hapa Kondoa tumeshuhudia njia nyingine kabisa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 Serikali iliamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibiwa na mmomonyoko. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, na makorongo mengi yakaanza kutulia. Hayo hayakanushiki. Lakini amri hiyo haikutoka kwa wenye ng'ombe, na waliokosa maziwa na samadi kwa miaka hawakuwa wameulizwa. Walichofanya watu wa Törbel ni kinyume cha hapo: kanuni zao zilipigiwa kura na wananchi, viongozi wa malisho walichaguliwa katika mkutano wa mwaka, na aliyelipa faini alikuwa ameshiriki kuiweka. Sehemu hiyo ya mfano ndiyo ningeibeba, na idadi ningeiacha.

Ushauri wangu ni huu. Kipimo chetu kinacholingana na baridi yao ni kile kipindi cha Agosti hadi Novemba, mabua yanapokwisha shambani na mabwawa yanapokauka. Mkutano Mkuu unaweza kutenga sehemu ya malisho ifungwe wakati wa mvua na ifunguliwe kwa tarehe itakayoamuliwa kila mwaka baada ya kuona hali ya nyasi. Wasukuma wanafanya hivyo kwa ngitili zao tangu zamani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya jumuiya na inaruhusu vijiji kukubaliana kutumia ardhi kwa pamoja. Jirani zetu wa Kiteto wameitumia nafasi hiyo: vijiji vya Lerug, Ngapapa na Orkitikiti viliunganisha malisho yao chini ya jina la OLENGAPA. Kwa mvua za kuruka kama zetu, malisho ya vijiji vitatu yana maana kuliko ya kijiji kimoja kilichojifungia.

Mjumbe wa Kamati, Bahi

Shikamoo Mzee wetu wa Kondoa, na ahsante. Nimekubali hoja yako kuhusu idadi, na pendekezo la kufungua malisho kwa tarehe ya kila mwaka nitalipeleka kwenye kamati. Mwalimu, bado nina swali ambalo najua litaulizwa. Watu wa Törbel walipoongezeka, na wageni walipokuja kununua ardhi, haki ya malisho iligawanywa vipi? Na leo hii wanaishi kwa ng'ombe bado?

Mwalimu wa Jiografia, Kongwa

Hoja ya Mzee kuhusu mipaka ina uzito, na jibu la swali lako linaitia nguvu. Kanuni za Törbel zilisema wazi kwamba mgeni aliyenunua ardhi kijijini hapati kwa ununuzi huo haki yoyote katika malisho wala msitu wa pamoja. Haki ilikuwa ya wananchi, na mtu aliipata kwa kuzaliwa humo au kwa kukubaliwa na wananchi wenyewe. Kijiji kilijilinda, ila kwa kuwafungia nje wengine, na sidhani kwamba sheria zetu au desturi zetu zingeruhusu ukali wa kiasi hicho.

Kuhusu kuongezeka kwa watu, Robert Netting, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti Törbel miaka ya 1970 na kupitia vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vya kanisa lao la Kikatoliki, alionyesha kwamba mizani ilishikiliwa kwa gharama za kibinadamu. Vijana walioa wakiwa wamechelewa, wengine hawakuoa kabisa, na wengine waliondoka. Urithi uligawanywa sawa kwa watoto wote, wa kike na wa kiume, hivyo mashamba yakawa vipande vidogo vilivyotawanyika mlima mzima. Kupokewa kwa viazi mviringo kuliongeza chakula, na idadi ya watu nayo ikapanda.

Leo Törbel ina wakazi takriban 500, na wachache sana kati yao wanaishi kwa kilimo. Viwanda vya Visp, hasa cha kemikali kilichoanza mapema karne ya 20, viliwapa wanaume mshahara, na barabara ikawawezesha kurudi kulala nyumbani. Ng'ombe bado hupanda mlimani kila kiangazi. Shida yao ya sasa imegeuka: katika vijiji vingi vya Valais, viwanja vya majani vyenye mteremko mkali havikatwi tena kwa kukosa mikono, vichaka vinavivamia, na chama kilichoundwa kuzuia ng'ombe wasizidi kinatafuta watu wa kutengeneza njia.