Tu-stroki ya ridi au fo-stroki ya pushirodi kwa mbio za udongo? Naombeni ushauri

KijanaWaUdongo: Wakuu habari zenu. Nipo Arusha, nina Yamaha DT 125 ya zamani, tu-stroki ya ridi (vijani vyembamba vinavyofungua na kufunga njia ya kutoka kabureta), nafanyia mazoezi ya mbio za udongo. Siku hizi ikiwa slo (mizunguko ya chini) inakohoa, eya klina ukiishika imelowa petroli chapachapa, na kuwasha ni kupiga kiki mpaka mguu unauma. Mshkaji ana injini ya Honda CG 125 fo-stroki, ya valvu na pushirodi, anasema achana na hilo chukua hii, fundi mwingine anasema nitafute tu-stroki ya diski (sahani inayozunguka kufungua na kufunga njia ya kuingizia petroli) maana ndo zilikuwa zinashinda mbio za dunia. Hela yangu inatosha kitu kimoja tu. Nishaurini.

FundiMzee: Mdogo wangu usinunue kitu kwanza. Hiyo CG ni injini nzuri sana ya kazi, ila kemu yake (shafti ya kufungulia valvu) iko chini, inasukuma pushirodi (fimbo ndefu), pushirodi inasukuma roka, roka ndo inafungua valvu, na uzito wote huo springi inatakiwa iurudishe kila mzunguko. Ukiivuta sana springi haiwahi, valvu inaelea (haifungi kwa wakati) na nguvu inakata. Honda ya mbio ya 1966, 125 ya silinda 5, ilipita mizunguko 20,000 kwa dakika kwa sababu kemu zilikuwa juu na kila silinda ina valvu 4 ndogo, nyepesi kabisa. Hiyo huwezi kuitoa kwenye pushirodi.

Mizunguko125: Kuhusu diski fundi wako hajadanganya. Tu-stroki ambayo mlango wa kuingizia mchanganyiko wa petroli na hewa unafunguliwa na pistoni yenyewe, mlango ukifunguka nyuzi kadhaa za mzunguko kabla pistoni haijafika juu, utafungwa nyuzi zilezile baada ya hapo, huna ujanja, kwa hiyo ukiwa slo mchanganyiko unarudi kwenye kabureta. Diski inazunguka na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), unaikata ufungue mapema na ufunge unapotaka. Walter Kaaden, injinia wa pikipiki za MZ, Ujerumani Mashariki, mwaka 1961 alifikisha hospawa 25 kwenye 125 kwa njia hiyo, na Aprilia wameitumia mpaka daraja la 125 la mbio za dunia linafungwa 2011. Lakini kabureta mara nyingi inakaa ubavuni mwa krenki, ukianguka kwenye udongo ndo inapiga chini. Na diski ukiikata kwa ajili ya spidi, kwenye mizunguko ya chini injini inakuwa nzito. Kwenye kona za udongo unahitaji nguvu ya chini, hapo ridi ndo yenyewe, inafunguka injini ikivuta na kujifunga ikisukuma.

FundiMzee: Na eya klina kulowa ni ridi haifungi. Toa kabureta, chomoa boksi la ridi, lielekeze kwenye jua uchungulie kwa upande wa kabureta. Ukiona mwanga kwenye kingo za vijani, umepata ugonjwa.

KijanaWaUdongo: Mungu awabariki. Nimefungua leo asubuhi, kijani kimoja kimekatika kona kama ukucha, cha pili kimejikunja mwanga unapita kabisa. Hicho kipande kilichokatika sijakiona popote!!

FundiMzee: Usiiwashe! Hivyo vya DT ni vya chuma, kipande kikipanda juu kinachana silinda. Fungua silinda, toa pistoni, kitafute kwenye krenki mpaka ukione, usihangaike na oili ya giaboksi maana krenki iko kwake. Ukirudishia weka vijani vya faiba, vikikatika siku nyingine havitaumiza injini kama chuma.

KijanaWaUdongo: Sawa mzee, nashusha silinda sasa hivi.