Mjadala: Anayesimamia kura apigiwe kura, au ateuliwe?

Mleta mada – Grand Rapids, Michigan

Wakuu, salaam.

Nianze na aibu yangu. Novemba 2022 nilipiga kura yangu ya kwanza hapa Michigan, mwaka mmoja baada ya kula kiapo cha uraia. Nikakabidhiwa karatasi ndefu, imechapwa pande zote mbili, ndani ya jalada la kufichia kura, nikaenda kusimama kwenye kibanda. Mstari wa gavana, sawa. Unaofuata, Katibu wa Jimbo, cheo ambacho kwa Kiingereza kinaandikwa sawasawa na kile cha Waziri wa Mambo ya Nje kule Washington. Nikajiuliza, Michigan nayo ina mambo gani ya nje? Labda Kanada, maana ukiwa Detroit unaiona ng'ambo ya mto. Watu nyuma yangu wanasubiri. Nikarudi juu kabisa, pale unaporuhusiwa kujaza kiduara kimoja ukawa umekipa chama chako nafasi zote, nikajaza, nikaitumbukiza karatasi kwenye mashine, nikabandika stika kifuani na picha nikaituma nyumbani Mwanza.

Baadaye ndipo nikaelewa kwamba yule Katibu wa Jimbo, ambaye ofisi yake ndiyo ilinipa leseni ya udereva, ndiye pia msimamizi mkuu wa uchaguzi hapa. Kwa maneno mengine, nilichagua refa kwa kuangalia rangi ya jezi yake.

Sasa mada yenyewe. Majimbo 35 ya Marekani yanamchagua Katibu wa Jimbo kwa kura za wananchi, na mengi kati ya hayo ndiyo yamemkabidhi usimamizi wa uchaguzi. Anagombea kwa tiketi ya chama, anachangisha pesa, anapanda jukwaani kuwaponda wapinzani, kisha anakwenda kukaa ofisini kutunza daftari la wapiga kura na kuidhinisha matokeo. Mimi nasema hapana. Wahenga walishasema kuhusu kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Mifano ipo. Florida mwaka 2000, Katherine Harris alikuwa mwenyekiti mwenza wa kampeni ya George W. Bush jimboni humo, na huyohuyo ndiye aliyeidhinisha kwamba Bush kashinda kwa kura 537. Ohio 2004, Ken Blackwell naye akavaa kofia hizo mbili. Georgia 2018 ndiyo kiboko. Brian Kemp alikuwa Katibu wa Jimbo na papo hapo mgombea ugavana. Fomu za kujiandikisha kama 53,000, nyingi za watu weusi, zilikuwa zimewekwa kiporo kwa sababu taarifa zake hazikulingana herufi kwa herufi na kumbukumbu za serikali. Akamshinda Stacey Abrams kwa kura kama 55,000. Sisemi aliiba. Waliokuwa na fomu kiporo waliruhusiwa kupiga kura wakionyesha kitambulisho. Nasema mtu hawezi kuchezesha mechi anayocheza.

Na asije mtu akaniambia ni tabia ya Republican peke yao. Arizona 2022, Katie Hobbs wa Democrat alikuwa Katibu wa Jimbo, akagombea ugavana dhidi ya Kari Lake, akakataa kujiweka kando, akashinda kwa kura kama 17,000. Hapa kwetu Jocelyn Benson alitangaza Januari 2025 kwamba anautaka ugavana wa 2026, na kiti hakuachia.

Mwaka huohuo wa 2022 walijitokeza watu wanaokana matokeo ya urais ya 2020 wakitaka hizo hizo ofisi: Mark Finchem Arizona, Jim Marchant Nevada, Kristina Karamo hapa Michigan. Wote watatu walianguka. Lakini Nevada ilikuwa pua na mdomo, tofauti ya asilimia mbili hivi. Leo wananchi wamekataa. Kesho je?

Hoja yangu: nafasi hii iondolewe kwenye karatasi ya kura. Iundwe tume, iteue mtaalamu. Karibuni mnipinge.

Jibu – Atlanta, Georgia

Ndugu mleta mada, umeandika vizuri ila Georgia umeiteremkia katikati ya safari.

Tarehe 2 Januari 2021 Donald Trump, akiwa bado rais, alimpigia simu Brad Raffensperger, aliyechaguliwa kumrithi Kemp katika ofisi hiyo. Waliongea kama saa nzima. Akamwambia anachotaka ni kupata kura 11,780 tu. Biden alikuwa amemshinda Georgia kwa kura 11,779. Fanya hesabu mwenyewe ujue ile moja ya ziada ilikuwa ya nini. Raffensperger ni wa Republican, na kwa maneno yake mwenyewe alimpigia Trump kura. Akakataa, na simu ikasikika dunia nzima.

Nguvu ya kukataa aliitoa wapi? Hakuna wa kumfukuza. Bosi wake ni wapiga kura wa Georgia. Angekuwa wa kuteuliwa, ile simu isingepigwa kwake kabisa, ingepigwa kwa aliyemteua, na asubuhi ungesikia jina jipya redioni. Mwaka 2022 Trump akamletea mpinzani kwenye mchujo wa chama, Jody Hice. Raffensperger akavuka nusu ya kura raundi ya kwanza, hata marudio hayakuhitajika.

Waliomwadhibu ni wabunge wa jimbo. Sheria ya 2021 ilimwondoa kwenye uenyekiti wa bodi ya uchaguzi, na mwenyekiti sasa anachaguliwa na bunge. Hao ndio unaotaka waunde tume?

Sisi tuliotoka Kenya tunazijua tume. Agosti 2022 pale Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura za urais, makamishna wa tume walikuwa saba, wanne wakatoka kwenda hotelini kuwaambia waandishi hawayatambui matokeo ambayo mwenyekiti alikuwa karibu kuyatangaza. Walichujwa na jopo, wakahojiwa mubashara kwenye runinga, tukawaona wakijieleza. Na bado.

Jibu – Houston, Texas

Nawasalimu wote. Kaka wa Michigan, pole na karatasi ndefu. Huku kwetu Katibu wa Jimbo haonekani kwenye karatasi ya kura. Gavana anamteua, Seneti inamthibitisha. Yaani ndoto yako sisi tunaiishi, ngoja nikusimulie.

Desemba 2018 gavana Greg Abbott alimteua David Whitley, aliyekuwa msaidizi wake. Mwezi uliofuata Whitley akatangaza orodha ya watu kama 95,000 waliomo kwenye daftari akisema wamewahi kujitambulisha kuwa si raia, na kwamba 58,000 kati yao wamewahi kupiga kura. Trump akaidaka, ikazunguka nchi nzima.

Orodha ilipikwaje? Walichukua kumbukumbu za leseni za udereva. Ukienda kuchukua leseni ukiwa na kadi ya ukaazi, unaandikwa si raia. Leseni inakaa miaka. Katikati hapo umefanya mtihani wa uraia, umeapa, umejiandikisha pale pale ukumbini, kibendera mkononi. Lakini kwenye kompyuta ya leseni wewe bado mgeni. Orodha ikawabeba watu wa tajnisi kwa maelfu, na baadhi ya kaunti zikaanza kutuma barua: thibitisha uraia wako ndani ya siku 30 au jina linafutwa. Mama mtu mzima asiyesoma Kiingereza vizuri, anayedhani kila bahasha ya serikali ni tangazo la bima, hiyo barua inaishia kwenye pipa.

Siku chache baadaye kaunti zikaanza kupigiwa simu: fulani mtoe, fulani mtoe. Majina kama 25,000 yalikuwa ya kuondolewa. Aprili 2019 kesi ya kuipinga orodha ikamalizwa kwa mapatano, orodha ikafutwa, jimbo likalipa dola 450,000 za mawakili. Whitley hakupata theluthi mbili za Seneti, akajiuzulu Mei. Kwa hiyo usiniambie kuteua ndiyo dawa. Sisi hata wa kumnyima kura hatukuwa naye.

Jibu – Madison, Wisconsin

Kwa ufupi, maana niko zamu. Tume unayoitaka ipo hapa. Kabla yake tulikuwa na bodi ya majaji wastaafu, mimi naamini ndiyo ilikuwa bora, wanasiasa wakaivunja. Tangu 2016 tuna makamishna sita, watatu chama hiki, watatu kile. Mwaka 2023 ulipofika wakati wa kumrudisha kazini mkurugenzi wao, Meagan Wolfe, watatu walisema ndiyo, watatu wakakaa kimya makusudi, kwa sababu jina lingepita lingekwenda Seneti kukataliwa. Seneti ikapiga kura ya kumfukuza hivyohivyo. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu ya jimbo, Februari 2025 ikasema abaki. Karibu miaka miwili ya malumbano juu ya mtumishi mmoja ambaye hana hata kura kwenye tume.

Mleta mada

Haya, nimepigwa kwelikweli, na ya Texas imeniingia. Nilikuwa naamini mtu akiteuliwa basi moja kwa moja anakuwa mtaalamu. Kumbe anaweza kuwa msaidizi wa bosi tu.

Nirudi nyuma hatua moja, si mbili. Wananchi wamchague, sawa. Lakini aliyemo ofisini asiruhusiwe kugombea cheo kingine. Akitaka ugavana, ajiuzulu kwanza. Na jina la chama litoke ubavuni mwa jina lake, nafasi hiyo ihamie sehemu ya karatasi isiyo na vyama.

Msinijibu kwamba inatosha kujiweka kando siku ya kuhesabu. Kansas, Agosti 2018, Kris Kobach alikuwa Katibu wa Jimbo akagombania ugavana na gavana aliyekuwepo, wote Republican. Mwisho wa yote alishinda mchujo kwa kura 343. Kelele zilipozidi ndipo akasema haya, nakaa pembeni, kazi aifanye naibu wangu. Naibu aliyemwajiri mwenyewe!

Jibu – Phoenix, Arizona

Mkuu, hiyo sheria yako ya kujiuzulu kwanza sisi tunayo, tena ndani ya katiba ya jimbo. Mwenye cheo cha kuchaguliwa chenye mshahara haruhusiwi kugombea kingine, *isipokuwa* mwaka wa mwisho wa muhula wake. Na uchaguzi wa gavana unaangukia lini? Mwaka wa mwisho. Hobbs alipita mlangoni kabisa, si dirishani. Tarehe 5 Desemba 2022 alitia saini matokeo yaliyomfanya yeye mwenyewe gavana. Pembeni yake walikuwepo gavana aliyekuwa akiondoka, mwanasheria mkuu na jaji mkuu, maana sheria inataka washuhudie.

Ukiandika ya Michigan, zibeni hilo tundu.

Jibu – Portland, Maine

Jambo ndugu zangu. Mimi nilitoka Bukavu. Congo rais wa CENI, yaani tume ya uchaguzi, anapendekezwa na madhehebu ya dini, na 2021 Wakatoliki na Waprotestanti walimkataa Denis Kadima, jina likapita hata hivyo. Kwa hiyo nikifika hapa nilitega sikio kuona wenzetu wanafanyaje.

Maine hatumchagui. Wabunge wa mabaraza yote mawili wanakaa pamoja na kumpigia kura ya siri, kila baada ya miaka miwili. Mngesema huyo sasa hana kampeni, atatulia. Desemba 2023 Shenna Bellows aliamua kwamba Trump hana sifa ya kuwemo kwenye karatasi ya mchujo, kwa ajili ya uvamizi wa Bunge la Marekani wa Januari 6, 2021. Machi 2024 Mahakama Kuu ya nchi ikaamua kesi kama hiyo ya Colorado, majaji wote tisa wakasema jimbo halina mamlaka hayo, naye akatengua uamuzi wake. Mwaka mmoja baadaye akatangaza anagombea ugavana.

Mimi kile kitendo chake nilikiunga mkono, sifichi. Lakini jirani yangu, fundi wa boti, mtu mpole, aliniuliza, "Wewe ulimpigia kura huyo mama?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Hata mimi." Nikakosa la kumjibu.

Jibu – Lansing, Michigan

Kaka wa Grand Rapids, sisi ni majirani kwa hiyo nitakwambia wazi. Unataka jina la chama litolewe. Hapa Michigan mgombea wa Katibu wa Jimbo hapiti hata kwenye mchujo wa wananchi, anapendekezwa na mkutano wa chama. Majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo nao ni hivyohivyo, mkutano uleule, wajumbe walewale. Kisha majina ya majaji yanawekwa sehemu isiyo na vyama kana kwamba wameshuka kutoka mbinguni. Mpiga kura ndiye pekee asiyejua nani ni wa nani. Angalia karatasi yako ya 2022, majaji wamo humo.

Mleta mada

Majaji? Mimi nilijaza kile kiduara cha juu nikajua nimemaliza.

Jibu – Lansing, Michigan

Kile kiduara hakifiki kwenye sehemu isiyo na vyama, kaka. Huko unajaza jina moja moja.

Mleta mada

Basi karatasi yangu sikuigeuza kabisa. Na mashine iliipokea bila neno.