Naomba ushauri: kutembea na bastola Texas

Wakuu, habari zenu. Nipo Houston, nina ukaazi wa kudumu. Tangu Septemba 2021, Texas inaruhusu mwenye miaka 21 na kuendelea, asiye na kizuizi cha kisheria, kubeba bastola hadharani bila leseni. Ikionekana, lazima iwe kwenye ala yake (holster). Natoka kazini usiku wa manane, na mke wangu kashikilia ninunue. Mimi nasita. Polisi akinisimamisha barabarani, mikono juu ya usukani, kwa lafudhi yangu hii ya Tandale, ndiyo nimwambie nina silaha? Halafu milango mingine ina vibao vya kumkataza mwenye leseni kuingia na bastola: 30.06 kwa iliyofichwa, 30.07 kwa inayoonekana. Wenye uzoefu, nichukue leseni hata kama si lazima? Na nikienda Chicago kwa gari, naiacha wapi?